Mkazo na mgeuko: maneno mawili yasiyopaswa kubadilishana nafasi

Katika tafsiri za vitabu vya fizikia, miongozo ya ujenzi na taarifa za matetemeko ya ardhi, neno mkazo limebebeshwa mizigo miwili. Mara hutumika kutafsiri neno la Kiingereza stress, mara hutumika kutafsiri strain, na wakati mwingine hubeba maana zote mbili ndani ya aya moja. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halimdhuru mtu. Katika mekanika ya vitu yabisi lina madhara, kwa kuwa linaweza kuigeuza sentensi ya kweli kuwa ya uongo bila msomaji kutambua.

Tutazame sentensi moja: "Katika nguzo ya zege, nondo na zege linaloizunguka huwa na mkazo ule ule." Je, sentensi hii ni sahihi? Haijibiki mpaka tujue mfasiri alikusudia nini. Kama alikusudia strain, sentensi ni sahihi, na ndiyo msingi wa hesabu zote za zege lenye nondo. Kama alikusudia stress, sentensi ni ya uongo, kwa kuwa nondo katika nguzo hiyo hukazika takriban mara sita hadi nane zaidi ya zege. Mwanafunzi wa ufundi atakayeisoma kwa maana isiyo yake atakosea hesabu, na makosa ya hesabu za nguzo huishia kwenye nyumba wanamoishi watu.

Makala hii inapendekeza kwamba mkazo ubaki kuwa istilahi ya stress peke yake, na kwamba strain iitwe mgeuko, au kwa ukamilifu mgeuko wa umbo. Kabla ya kulitetea pendekezo hilo, yafaa tuzielewe dhana zenyewe.

Dhana tatu: kani, mkazo, mgeuko

Dhana ya kwanza, ambayo Kiswahili kimekwisha kuisanifu vizuri, ni kani. Kani ni msukumo au mvuto unaotendwa na kitu kimoja juu ya kingine, na kipimo chake ni nyutoni. Ndoo yenye lita 20 za maji, ikining'inia kwenye waya, huuvuta waya huo kwa kani ya nyutoni 200 hivi.

Dhana ya pili ni mkazo. Waya unapovutwa, kila sehemu yake huishikilia sehemu ya jirani ili isiachane nayo. Mkazo ni kani hiyo ya ndani ikigawanywa kwa eneo inamopita. Waya wa feleji wenye kipenyo cha milimita 2 una eneo la mkato la milimita za mraba 3.14. Kwa ndoo yetu, mkazo ndani yake ni 200 kugawanya kwa 3.14, yaani karibu nyutoni 64 kwa kila milimita ya mraba. Tukichukua waya wa milimita 4, kani inabaki ile ile, lakini eneo linakuwa mara nne, na mkazo unashuka hadi nyutoni 16 kwa milimita ya mraba. Ndiyo maana hatusemi kwamba waya hukatika kwa sababu ya kani kubwa. Hukatika kwa sababu ya mkazo mkubwa: kani kubwa katika eneo dogo.

Dhana ya tatu ni mgeuko. Waya uliovutwa hurefuka, hata kama jicho halioni. Mgeuko ni kiasi cha badiliko la urefu kikilinganishwa na urefu wa awali. Waya wetu wa milimita 2, ukiwa na urefu wa mita 10, utarefuka kwa milimita 3.2 hivi. Gawanya milimita 3.2 kwa milimita 10,000, utapata 0.00032. Hiyo ndiyo namba ya mgeuko, na haina kipimo chochote, kwa kuwa urefu umegawanywa kwa urefu. Waya kama huo wenye urefu wa mita 20 utarefuka kwa milimita 6.4, yaani mara mbili, lakini mgeuko wake utabaki 0.00032. Kwa hiyo mfasiri asichanganye ongezeko la urefu, linalopimwa kwa milimita, na mgeuko, ambao ni uwiano.

Sasa badala ya waya, tutumie utepe uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, wenye upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 2. Eneo lake ni milimita za mraba 100, na mkazo kwa ndoo ile ile ni nyutoni 2 tu kwa milimita ya mraba, ambao ni sehemu ndogo sana ya mkazo wa waya. Hata hivyo utepe huo unaweza kurefuka hadi ufikie mara mbili ya urefu wake au zaidi, yaani mgeuko wa 1 au zaidi. Feleji ina mkazo mkubwa na mgeuko mdogo. Mpira una mkazo mdogo na mgeuko mkubwa. Mtu mwenye neno moja kwa dhana zote mbili hana namna ya kuisema tofauti hii.

Kiingereza nacho kilichanganya

Isidhaniwe kwamba tatizo hili ni upungufu wa Kiswahili. Maneno stress na strain yana asili moja: yote yanatokana na kitenzi cha Kilatini stringere, chenye maana ya kukaza au kubana, yakapitia Kifaransa cha zamani hadi Kiingereza. Kwa muda mrefu wahandisi wa Uingereza waliyatumia ovyo, moja mahali pa jingine. Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 sheria yake kuhusu kurefuka kwa springi bila kuwa na istilahi hizi kwa maana tunayoijua leo. Augustin-Louis Cauchy, Mfaransa, aliiweka wazi dhana ya mkazo wa ndani katika miaka ya 1820. Aliyeyatenganisha maneno mawili ya Kiingereza kwa makusudi ni mhandisi wa Uskoti, William John Macquorn Rankine, katika miaka ya 1850. Tofauti inayofundishwa leo kana kwamba imo ndani ya maneno yenyewe iliwekwa kwa makubaliano.

Kiswahili kina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu tofauti hiyo inaweza kujengwa kwa sarufi yake yenyewe.

Kwa nini mkazo, na kwa nini mgeuko

Kitenzi kaza kina tabia ya pekee. Twasema "fundi amekaza kamba", na pia twasema "kamba imekaza". Katika sentensi ya pili hakuna mtenda anayetajwa. Kinachoelezwa ni hali iliyomo ndani ya kamba yenyewe. Nomino mkazo hurithi maana hiyo ya hali ya ndani, na ndiyo inayotakiwa katika mekanika, kwa kuwa mkazo umo ndani ya kitu kinachovutwa, haumo katika mkono unaovuta. Kwa kutaja tendo la nje tayari tuna kani.

Kwa dhana ya strain, mapendekezo kadhaa husikika, nayo yana uzito usiolingana.

Mnyoosho, au mnyooko, hufaa pale kitu kinapovutwa. Lakini nguzo inayobeba ghorofa hufupika, na kufupika nako ni strain. Istilahi isiyokubali kufupika haitoshi.

Mnyumbuko hupendwa na wengi, nayo ina sauti nzuri. Tatizo lake ni kwamba kunyumbuka hudokeza uwezo wa kurudi katika hali ya awali. Nondo iliyopindwa na fundi hairudi, ilhali imepata strain kubwa. Heri nomino unyumbufu ihifadhiwe kwa sifa ya kitu kurudi katika umbo lake. Zaidi ya hayo, masikio ya wanafunzi wa lugha hulichanganya neno hili na mnyambuliko wa vitenzi.

Msongo umekwisha kupata makazi katika saikolojia, katika istilahi msongo wa mawazo. Kulihamisha ni kuzua utata mwingine.

Mgeuko unatokana na geuka. Kiambishi -k- cha kauli ya kutendeka hutuambia kwamba kitu kimeingia katika hali fulani, bila kumtaja aliyesababisha: vunjika, pindika, geuka. Hiyo ndiyo maana hasa inayohitajika. Aidha, kugeuka hakubagui: kitu kinaweza kugeuka kwa kurefuka, kufupika, kupinda au kuteleza tabaka juu ya tabaka kama karata zilizosukumwa kwa upande. Neno hili lina maana pana katika lugha ya kawaida, na kwa hiyo linapotajwa mara ya kwanza katika matini ni vyema liandikwe mgeuko wa umbo. Baada ya hapo mgeuko hutosha.

Kwa ufupi, mkazo hueleza namna kitu kilivyokaza kwa ndani, na mgeuko hueleza namna umbo lake lilivyogeuka.

Kimoja bila kingine

Mwanafunzi anaweza kuuliza: ikiwa mkazo na mgeuko hufuatana, je, si jambo moja lenye majina mawili? Ni kweli kwamba katika vitu vingi, maadamu mkazo ni mdogo, mgeuko huongezeka kwa uwiano ule ule. Na namba inayounganisha hivyo viwili huitwa moduli ya Young, kwa heshima ya Thomas Young wa Uingereza. Kwa feleji namba hiyo ni takriban nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Lakini uhusiano si umoja, na reli zinaonyesha hivyo.

Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliunganishwa kwa vipande vyenye nafasi ndogo kati yake. Jua lilipochoma, kila kipande kilirefuka na kuijaza nafasi yake. Maadamu nafasi haijaisha na kipande kinaweza kusogea, reli hurefuka bila kizuizi: upo mgeuko, hakuna mkazo wa kutajwa.

Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imechomelewa ikawa ndefu bila nafasi hizo, na mataruma pamoja na kokoto huishikilia isisogee. Tuseme kipande cha kilomita moja kimepata joto la nyuzi 20 zaidi ya lile kilipofungwa. Kingekuwa huru kingerefuka kwa sentimita 24. Kwa kuwa kimezuiwa, hakirefuki hata kidogo: mgeuko wa jumla ni sifuri. Lakini ndani yake umejengeka mkazo wa mgandamizo wa karibu nyutoni 48 kwa milimita ya mraba. Anayeitazama haoni kitu. Joto likizidi mno na kokoto zikiwa zimelegea, reli hujipinda ghafla upande kama nyoka. Mhandisi anayetafuta hatari kwa kupima urefu peke yake hataiona.

Nguzo ya zege tuliyoanza nayo hutupa mfano wa tatu. Zege likiganda huishika nondo, na mzigo ukikaa juu yake vyote viwili hufupika pamoja, maana havina njia ya kuachana. Tuseme mgeuko wa vyote viwili ni 0.0003. Katika zege la kawaida mgeuko huo huleta mkazo wa karibu nyutoni 9 kwa milimita ya mraba. Katika nondo huleta 60. Mgeuko mmoja, mikazo miwili. Katika jiji la Dodoma, ambako majengo ya serikali na ya watu binafsi yameinuka kwa kasi tangu makao makuu yalipohamia huko, sentensi hii inastahili kuandikwa kwa Kiswahili kisichoyumba.

Haneti: boriti, jiwe na ardhi

Mifano ya viwandani isitufanye tudhani kwamba dhana hizi ni za mjini tu. Haneti ni kata katika Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Mahali pamoja kama hapo pana mambo matatu yanayomtosha mwalimu anayetaka kufundisha mkazo na mgeuko bila maabara.

La kwanza ni tembe, nyumba ya asili ya uwanda wa kati. Paa lake ni bapa: boriti hulazwa juu ya nguzo, fito hupangwa juu ya boriti, kisha udongo mzito hutandazwa juu ya yote. Boriti iliyo katikati ya nguzo mbili hubonyea. Kubonyea huko ni mgeuko, na yeyote aliyelala chali ndani ya nyumba anaweza kuuona. Mkazo haonekani, lakini unaweza kufikirika: nyuzi za mti zilizo upande wa juu zinagandamizwa, zilizo upande wa chini zinavutwa, na katikati kuna tabaka lisilogandamizwa wala kuvutwa. Ndiyo sababu boriti ikielemewa huanza kupasuka kwa chini. Masika yakija na udongo ukanywa maji, mzigo huongezeka, mkazo hupanda, na mgeuko hufuata.

Boriti ya tembe ina somo la ndani zaidi. Baada ya miaka mingi huwa imebonyea kuliko ilipowekwa, hata kama udongo wa juu haukuongezwa. Mti chini ya mzigo wa kudumu huendelea kugeuka polepole. Kwa istilahi zetu, mkazo umebaki pale pale, mgeuko umeongezeka. Na udongo ukiondolewa, boriti hainyooki tena kikamilifu: mkazo umetoweka, mgeuko wa kudumu umebaki. Jaribu kuzisema sentensi hizo mbili kwa kutumia neno mkazo peke yake, utaona zinavyovunjika.

La pili ni jiwe. Milima ya Haneti inajulikana kwa wafanyabiashara wa vito kwa sababu ya krisopresi, jiwe la kijani la jamii ya kwatsi ambalo rangi yake hutokana na nikeli. Krisopresi, kama vito vingine vya jamii yake, ni ngumu lakini haivumilii kugeuka. Nondo ikizidiwa hupinda kwanza, na kupinda kwake ni onyo. Jiwe hupokea mkazo mkubwa huku mgeuko wake ukiwa mdogo kiasi cha kutoonekana, kisha hupasuka mara moja. Kwa hiyo anayechonga kito hawezi kungoja dalili ya macho. Inambidi ajue nyufa zilizomo, maana kwenye ncha ya ufa mkazo hurundikana mara nyingi zaidi ya ulivyo mahali pengine. Hapa mfasiri ajihadhari na neno jingine: ugumu si uimara. Kitu kigumu hakikwaruziki kwa urahisi. Kitu imara hustahimili mkazo mkubwa kabla ya kuvunjika.

La tatu ni ardhi yenyewe. Miamba ya Dodoma ni ya kale sana, mingine ikiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, lakini haijatulia. Eneo hilo lipo ambako tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafifia kuelekea kusini, na linakatwa na nyufa kubwa za ardhi, mojawapo ikiwa ile ya Hombolo, kusini mwa Haneti. Afrika Mashariki inavutwa polepole, kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka. Miamba iliyoshikana kando ya ufa haiachani mara moja. Hugeuka kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na kadiri inavyogeuka ndivyo mkazo unavyojengeka, hadi ushinde msuguano unaoushikilia ufa. Hapo pande mbili huteleza, miamba hurudi katika umbo lake, na nguvu iliyohifadhiwa hutoka kama tetemeko. Maelezo haya yalitolewa na Harry Fielding Reid baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906, na bado ndiyo msingi wa elimu ya matetemeko. Wakazi wa Dodoma wanalijua jambo hili kwa miguu yao: Novemba 2002 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 5.5 lilitikisa eneo lao.

Sasa tazama taarifa inayosema, "Wataalamu wamepima mkazo wa ardhi kwa setilaiti." Haiwezi kuwa hivyo. Setilaiti hupima kusogea kwa alama zilizowekwa ardhini, na kutokana na kusogea huko wataalamu hupata mgeuko. Mkazo hukokotolewa baadaye, kwa kujua sifa za miamba, na ukadiriaji huo una mashaka mengi. Mwandishi anayeandika "wamepima mkazo" anawapa wasomaji uhakika ambao wataalamu wenyewe hawanao, na katika habari za matetemeko uhakika wa bandia unaweza kuwatia watu hofu isiyo na msingi au utulivu usio na msingi.

Kinachopimwa na kinachokokotolewa

Kanuni hiyo ni ya jumla: mgeuko hupimwa, mkazo hukokotolewa. Mizani ya kielektroniki ya kupimia malori kwenye barabara kuu huieleza kanuni hii vizuri. Chini ya jukwaa lake kuna vipande vya feleji vilivyobandikwa nyaya nyembamba sana. Lori likipanda, feleji hugeuka kidogo mno, nyaya hugeuka nayo, na uwezo wake wa kupitisha umeme hubadilika. Mashine husoma badiliko hilo, hupata mgeuko. Kutokana na mgeuko hupata mkazo. Kutokana na mkazo hupata kani. Na kutokana na kani hutoa uzito unaoandikwa kwenye risiti. Kifaa hicho chembamba tunaweza kukiita kipimamgeuko. Kukiita kipimamkazo, kama inavyofanyika mara nyingine, ni kukipa sifa ya kazi inayofanywa na hesabu.

Mwongozo wa matumizi

*mkazo* nm (mi-) [u-/i-]: kani ya ndani ya kitu yabisi kwa kila kizio cha eneo. Kipimo: paskali, au nyutoni kwa milimita ya mraba. Aina: mkazo wa mvuto, mkazo wa mgandamizo, mkazo wa mkato. Mkazo hujengeka, hupanda, hushuka, hurundikana.

*mgeuko* nm (mi-) [u-/i-]: badiliko la umbo au urefu wa kitu likilinganishwa na umbo au urefu wa awali. Hauna kipimo. Aina: mgeuko nyumbufu, unaotoweka mzigo ukiondolewa, mgeuko wa kudumu, unaobaki. Mgeuko hutokea, huongezeka, hupimwa.

Mkazo usichanganywe na kanieneo, ingawa vyote hupimwa kwa paskali. Kanieneo ya maji yaliyotulia, mahali pamoja, husukuma sawasawa pande zote. Mkazo ndani ya boriti hutofautiana kulingana na upande unaoutazama.

Katika fonolojia, mkazo huendelea kuwa nguvu ya sauti juu ya silabi, ile inayotofautisha barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa. Nyanja hizi mbili hazigongani, na hakuna haja ya kubadili lolote.

Neno strain lina maana nyingine zisizohusiana na mekanika, na mgeuko usipelekwe huko. Katika elimu ya viini, tumia aina: aina mpya ya kirusi. Katika tiba ya viungo, sema msuli umevutika. Katika uchumi na siasa, mvutano au mzigo mara nyingi hutosha.

Mifano ya sentensi:

Epuka: Kamba ilirefuka kwa mkazo wa sentimita mbili.
Andika: Kamba ilirefuka kwa sentimita mbili.

Epuka: Nondo na zege katika nguzo huwa na mkazo ule ule.
Andika: Nondo na zege katika nguzo huwa na mgeuko ule ule, lakini mkazo wa nondo ni mkubwa zaidi.

Epuka: Boriti ilibaki na mkazo baada ya mzigo kuondolewa (ikiwa kinachokusudiwa ni kupinda kwake).
Andika: Boriti ilibaki na mgeuko wa kudumu baada ya mzigo kuondolewa.

Epuka: Mkazo wa daraja ulipimwa kwa kipimamkazo.
Andika: Mgeuko wa daraja ulipimwa kwa kipimamgeuko, na mkazo ukakokotolewa.

Mfasiri anayekuta maneno haya katika matini ya Kiingereza na kuingiwa na shaka anaweza kujiuliza maswali mawili. Je, namba iliyotajwa ina kipimo? Ikiwa ni paskali au nyutoni kwa eneo, ni mkazo. Ikiwa ni namba tupu au asilimia, ni mgeuko. Na je, jambo linalosemwa lingeweza kuonekana kwa macho makali au kwa rula sahihi? Kama lingeweza, ni mgeuko. Mkazo hauonekani kwa rula yoyote.

Kwa mwalimu, ombi ni dogo zaidi. Mwanafunzi wa Tanzania husoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari huikuta kwa Kiingereza. Akifika darasani akiwa na neno moja kichwani, maneno mawili ya Kiingereza yatakuwa kwake visawe, naye atayakariri bila kuyatenganisha. Akifika akiwa na mkazo na mgeuko, tayari ameielewa tofauti, na kilichobaki ni kujifunza majina mapya.